VSafe: Mlinzi Aliyetimuliwa kwa Amri Moja

MS-DOS 6, mfumo endeshi wa Microsoft, ilitoka Machi 1993, na mwezi huo ukifika wanaoikumbuka hutaja DoubleSpace, ile programu ya kubana diski iliyoifikisha Microsoft mahakamani. VSafe, kinga ya virusi iliyokuja na mfumo huohuo, haitajwi. Ni uonevu, maana kisa chake ni kitamu zaidi.

Virusi vya kompyuta za aina ya IBM vilianza na Brain, Lahore, mwaka 1986. Machi 1992 kirusi Michelangelo kikazusha kiwewe: John McAfee, muuza dawa za virusi, alitaja hadi mashine milioni tano, zilizodhurika zikawa maelfu tu. Hofu ile iliuza dawa kwelikweli.

Microsoft haikutengeneza dawa yake. Iliichukua kwa Central Point Software ya Oregon, nayo Central Point ilijenga juu ya kazi ya Carmel ya Israel. Dawa ilikuwa na sehemu mbili. MSAV ilikagua diski ulipoiamuru. VSafe ndiyo iliyokesha: uliiandika ndani ya AUTOEXEC.BAT, faili la amri za kuwashia, mashine ikiwaka inaingia kwenye kumbukumbu na kubaki humo, ikichunguza kila programu inayofunguliwa. Ukibonyeza Alt na V, kilitokea kidirisha chenye swichi nane: kuzuia kufomati diski, kulinda sekta ya kuwashia, na kadhalika. Ilikula kilobaiti 44, na DOS ilikuwa na 640 tu za kugawana na kila kitu. Mwenye gemu kubwa aliifukuza bila huruma.

Ugomvi ulitoka Jerusalem. Yisrael Radai wa Chuo Kikuu cha Kiebrania aliichambua dawa hiyo mwaka uleule wa 1993, na makala haya yanamwegemea. Hoja yake nzito: ulinzi ukiwa mmoja kwenye mamilioni ya mashine, kila mwandishi wa virusi atajifunza kuuvunja huohuo. Na kuuvunja kulikuwa rahisi mno. Programu yoyote ingeweza kuiambia VSafe iondoke kwenye kumbukumbu, nayo ikaondoka, bila nenosiri, bila hata kumuuliza mwenye kompyuta! Tremor, kirusi kilichoibukia Ujerumani, kiliujua mlango huo.

Central Point ilinunuliwa na Symantec mwaka 1994. Windows 95 ikaja bila kinga yoyote ya virusi, na Microsoft haikurudi kwa uzito hadi iliponunua teknolojia ya kinga ya virusi ya kampuni ya GeCAD ya Romania mwaka 2003, kisha ikatoa Security Essentials ya bure mwaka 2009. Kwa kampuni yenye utajiri ule, huo ni uzembe wa miaka mingi, na waliolipa ni wenye kompyuta.