Mego, Wala Si Sampuli

Katika orodha ya istilahi za sanaa iliyonifikia mwaka uliopita, ikiwa imepigwa chapa kwa uzuri na kutiwa muhuri wa watu ambao adabu inanizuia kuwataja, nilikuta chini ya herufi S neno lililonifanya niivue miwani yangu, niifute, niivae tena, na kuthibitisha kwamba kosa halikuwa la miwani. Neno lenyewe ni “sampuli”, nalo limetawazwa kuwa jina la kile kipande cha sauti ambacho mtengeneza muziki wa zama hizi hukitwaa katika santuri ya mtu mwingine akakitia katika wimbo wake. Na kitendo chake, Mola atusitiri, kimeitwa “kusampulisha”. Kitu chenyewe msomaji wangu anakijua, kwani hakuna aliyepanda basi au kuhudhuria harusi kwa miaka thelathini hii asiyekisikia, kwa hiyo sitapoteza wino kukieleza. Ninalolitaka ni jina.

Mimi makazi yangu ni Bwera, chini ya milima ya Rwenzori, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Mpondwe, ambako mto Lhubiriha unaitenga Uganda na Kongo. Kiswahili hapa kwetu hakikushuka kutoka kitabuni. Kilikuja na askari, na wachuuzi wa chumvi na samaki, na watu wa kabila mbalimbali waliofuata shaba ya Kilembe baada ya reli kufika Kasese mwaka 1956, na zaidi ya wote hao kilikuja na muziki wa ng’ambo ya mto, ambao haujapata kusimamishwa na afisa yeyote wa forodha. Karibu na soko kipo kibanda ambacho mwenyewe hujipatia riziki kwa kuwatilia watu nyimbo katika simu zao, na mbele yake kipo kibao kirefu ambapo jioni hukaa baraza la mashabiki, wazee kwa vijana, wakijadili wanamuziki wa soul, wa disko na wa rap. (Rap, kwa kauli ya wakubwa wale wale wa istilahi, iliwahi kuitwa “muziki wa kufokafoka”, kana kwamba mughani ni sufuria ya maziwa, nalo hilo sijalisamehe.)

Baraza hilo lina sheria moja, nayo ni ya busara: haruhusiwi mtu kumtaja mwanamuziki ambaye kila mtu anamjua. Ukimtaja Franco au James Brown unanunua chai ya wote. Ya James Brown tunajua alifika Kinshasa mwezi Septemba 1974 akatikisa jiji, na tumekwisha kuyazungumza. Anayetakiwa ni yule aliyekaa kivulini. Hivyo mmoja atamleta Slim Ali wa Mombasa na Hodi Boys wake, walioimba soul kwa Kiingereza katika miaka ya 1970, na mwenzake atajibu kwamba sauti ilikuwa ya dhahabu ila lugha ya kuazima ilimkosesha nyumba ya kulala. Mwingine atawaleta Mombasa Roots na “Disco Chakacha”, na hapo ugomvi huanza, maana wapo wasemao kwamba disko liliitukuza ngoma ile ya akina mama wa pwani, na wapo, nami ni mmoja wao, wasemao kwamba chakacha ndiyo iliyolistiri disko. Wazee wa upande wa Kongo hawana habari na hao. Wao ni Trio Madjesi tu, vijana watatu wa Kinshasa waliovaa na kuruka kwa namna ya watu wa soul wa Marekani, na ambao jina lao limefanywa kwa silabi zilizomegwa katika majina yao matatu: Mario, Djeskin, Sinatra. Ninamwomba msomaji alishike neno hilo, “zilizomegwa”, maana nitalirudia.

Jioni moja kijana aliyevuka kutoka Kasindi alipiga wimbo wa rap, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha mwenye kibanda, mtu ambaye hujua kila sahani ina nini upande wake wa pili, aliinua kidole akasema kwamba ngoma zile si za hao vijana. Zilikuwa za Winstons, bendi ya soul ya Marekani ambayo watu wachache huikumbuka kwa jina, katika wimbo wa “Amen, Brother” wa mwaka 1969, uliowekwa nyuma ya sahani kama mtu awekavyo ufunguo wa akiba. Katika wimbo huo wenziwe wote wananyamaza, na mpigaji ngoma, Gregory Coleman, anapiga peke yake kwa muda usiozidi sekunde saba hivi. Na sekunde hizo zimeingia katika maelfu ya nyimbo za watu wengine, naye akafariki mwaka 2006 bila kuonja senti ya jasho hilo.

“Huo ni wizi,” alisema mzee mmoja.

“Iyo haiko wizi, papa,” alijibu kijana kwa Kiswahili cha kwao. “Iko sampo.”

Wakanigeukia mimi, kwa kuwa niliwahi kushika chaki, wakaniuliza: “Mwalimu, Kiswahili chake ni nini?” Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikiwa na haya ya mtu aliyekutwa na ghala tupu, na usiku ule, mezani, nikiwa na bundu, yaani ugali wa muhogo, mbele yangu na mchuzi wa samaki wa Ziwa Edward, jibu lilinijia mkononi kabla halijanijia kichwani. Nililiandika kwa hati safi, nikaambatisha kurasa nne za hoja, nikalipeleka linakohusika. Baada ya miezi kumi na minne nilipata jibu la mistari miwili lililosema kwamba pendekezo langu “limepokelewa”, na katika mistari hiyo miwili jina langu lilikosewa. Miaka mitatu baadaye ndipo ikatoka ile orodha yenye sampuli.

Sasa tuanze na neno “istilahi” lenyewe, maana yaonekana walio na kazi ya kuzitunga hawajapata wasaa wa kulitazama. Ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule uliotupa suluhu, usuluhishi na maslahi. Istilahi, basi, kwa asili yake ni mapatano: watu wamekaa, wamebishana, wamesikilizana, na wakatoka na jina moja. Jina lililotoka chumbani likiwa na muhuri, minghairi ya mtu wa kibao kirefu kuulizwa, linaweza kuwa amri, laweza kuwa tangazo, ila istilahi si. Tazameni “santuri”, ambayo kwao Uajemi na Uarabuni ni chombo cha nyuzi kipigwacho kwa vijiti: ilipokuja mashine ya kuimba, watu waliitwika jina hilo, kisha wakaishusha mashine wakaipa sahani yake, na halmashauri haikukaa hata siku moja.

Sampuli kwetu ni neno la dukani na la maabara. Mwenye duka la vitambaa hukupa kipande cha kitambaa ili ujue jora zima likoje, na tabibu hutwaa damu kidogo ili ajue damu yote ina nini. Katika hali zote mbili kidogo kinasimama badala ya kingi, na hakina thamani nyingine ila kukishuhudia kile kingi. Na kwa kazi hiyo tulikuwa na neno letu la zamani, “namna”, ambalo ni namuna ya Kiajemi, yaani kielelezo. Je, sekunde saba za Coleman zimetwaliwa ili tujue wimbo wa Winstons ukoje? Hasha! Zimetwaliwa kwa ajili yao zenyewe, na wimbo wa Winstons ukasahauliwa na waliozitwaa. Najua bingwa mmoja atanijibu kwamba neno la Kiingereza lenyewe limetoka katika Kifaransa cha kale, na Kifaransa kikalitoa katika Kilatini, exemplum, na kwamba exemplum nalo limezaliwa na kitenzi chenye maana ya kutoa kitu ndani ya vitu, hivyo asili yake ni utwaaji. Ni kweli, nami nilikuwa wa kwanza kuliandika hilo, ukurasa wa tatu wa zile kurasa nne. Lakini lau Waingereza wamelisahau hilo kwa karne nyingi, sisi tutalikumbushwa na nani, na silabi zenyewe kwetu hazisemi kitu?

Wapo wanaopendekeza “dondoo”, na huyu mpinzani namheshimu zaidi, maana angalau amefungua kamusi. Kudondoa ni kuokota punje moja moja, kama kuku au kama mtu aokotaye mchele uliomwagika. Ni neno zuri, na kwa waandishi limekaa mahali pake. Ila lina kasoro mbili. Ya kwanza, punje inayodondolewa imekwisha kuanguka na haina mwenyewe, ilhali sauti imo katika sahani yenye mwenyewe aliye hai, au warithi wake. Ya pili, dondoo la mwandishi hubaki kama lilivyo, limefungiwa alama zake kama mgeni aliyevaa kofia yake, hali sauti hukatwa, hupunguzwa mwendo, hugeuzwa na kurudiwa mpaka mwenyewe akutane nayo njiani asiijue. “Kiraka” walichosema watu wa redio sitakijadili. Kiraka huziba tundu.

Nasema: mego. Neno hili sikulibuni, limo katika kamusi za wazee, nalo ni tunda la kitenzi “kumega”, kukata kwa mkono sehemu ya kitu kilicho kizima na laini. Bundu humegwa, mkate humegwa, na Wakristo wana “kuumega mkate” katika Matendo ya Mitume. Nchi nayo humegwa: sisi wa Bwera tunalijua hilo, kwani Wakonzo wa huku na Wanande wa kule, ambao lugha yao ni moja, walimegwa na makubaliano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1910. Sasa utazame mkono mezani. Unamega kiasi cha tonge, bundu linabaki, tonge unalifinyanga kwa vidole, unalibonyeza kwa kidole gumba lipate kijishimo, unalichovya katika mchuzi, na mchuzi huo waweza kuwa wa nyumba nyingine kabisa. Ndivyo Hardstone wa Nairobi alivyofanya mwaka 1997 katika “Uhiki”, alipolitwaa tonge la Marvin Gaye la mwaka 1982 akalichovya katika mchuzi wa Kikikuyu. Ndivyo alivyofanya Saleh Jabri wa Dar es Salaam mwaka 1991, alipoghani kwa Kiswahili juu ya mdundo wa Vanilla Ice, ambao ulikuwa umekwisha kumegwa kwa Queen na David Bowie: mego la mego, na tamu kuliko la kati.

Na kumega kuna adabu, jambo ambalo sampuli haina. Hunawa mtu, hukaribishwa, humega upande wake. Hakimu wa New York aliyemhukumu Biz Markie mwaka 1991, kwa kummega Gilbert O’Sullivan bila ruhusa, aliifungua hukumu yake kwa amri ya Torati ya kutoiba. Lau angekulia Bwera angesema tu kwamba kijana hakukaribishwa. Fauka ya hayo, neno linatenganisha mambo yanayochanganywa kila siku. “Rapper’s Delight” ya mwaka 1979 haikumega “Good Times” ya Chic. Wanamuziki waliipiga upya, yaani walipika kwao chakula walichokionja kwa jirani. Michael Jackson vilevile hakummega Manu Dibango mwaka 1982. Aliliimba kwa kinywa chake lile itikio la “Soul Makossa”, ambalo nalo, wallahi, lilizaliwa upande wa pili wa sahani ya wimbo wa mashindano ya mpira, na bado alimlipa. Neno “sampuli” lingetubagulia hayo kwa njia gani?

Nimepingwa kwa hoja mbili. Waganda wa Kampala wananiambia kwamba kwao okumegga ni kumbwaga mtu chini katika mieleka. Nami nawajibu kwamba aliyesikia ngoma za Coleman katika spika ya kibanda chetu hatauona huo kuwa upinzani. Hoja ya pili huletwa kwa kicheko cha puani, kwamba vijana wa vijiweni Dar es Salaam wana maana yao ya kumega, ihusuyo mke wa mtu, na kwamba kwa sababu hiyo neno “halifai kwa matumizi rasmi”. Naambiwa hiyo ndiyo iliyoniangusha katika kikao. Taibu. Tukiyafukuza maneno yote waliyoyachezea vijana, orodha ya mwakani itabaki muhuri peke yake.

Matumizi yake ni mepesi: mego, mamego; wimbo umemega, wimbo umemegwa; mmegaji; ruhusa ya kumega.

Mwezi uliopita nilipita kibandani kutia nyimbo tano katika simu yangu. Yule kijana wa Kasindi alikuwapo, akimfundisha mdogo wake kusikiliza, na ngoma zile za sekunde saba zilipoingia alimgonga begani akamwambia, “Sikia, iyo ni mego.” Nikamuuliza, kwa sauti niliyoilazimisha iwe ya kawaida, neno hilo wamelipata wapi.

“Inatoka Butembo, papa,” alisema. “Kule wote wanasema vile.”

Nikamlipa mwenye kibanda, nikaondoka.