Vijitaa Vinasema, Nani Anasoma?

Sisi tunaoota kuwa waandishi tunapenda sana kusifu kalamu na karatasi. Lakini tuseme kweli: riwaya zetu siku hizi zinalala ndani ya diski, na diski haina ukurasa wa kufunua. Ishike, igeuze, huoni hata herufi moja. Cha kukuambia kama mle ndani ni salama au ni msiba ni kijitaa kidogo kama punje ya mtama. Nimefuatilia historia ya kijitaa hicho, nikaona kumbe ni historia ya wasomaji.

Zamani taa ilitaja data yenyewe. Tarehe 14 Februari 1946, huko Philadelphia, Marekani, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilionyesha hadharani mtambo ulioitwa ENIAC. Ulikuwa na vali za kioo zipatazo 18,000, na sehemu 20 za kuhifadhi namba, kila sehemu ikibeba namba ya tarakimu 10. Vijitaa vya neoni vilipangwa juu yake, na kilichowaka ndicho kilichotaja tarakimu iliyohifadhiwa. Ili wageni waone vizuri, mipira ya ping-pong ilikatwa nusu kwa nusu, ikaandikwa namba, kisha ikafunikwa juu ya taa. Watu walishangaa, na magazeti yakauita ubongo.

Lakini waliozisoma taa zile kwa undani walikuwa wanawake sita waliokuwa wakiupangia mtambo kazi zake, wakiwemo Betty Jennings, Betty Snyder na Kay McNulty. Hakuna aliyewapa kitabu cha maelezo. Walijifunza kwa kukodolea macho michoro ya mtambo, hadi ikawa hesabu ikikosea wanaweza kuufuata ubovu mpaka kwenye vali moja tu iliyokufa. Hebu fikiri: moja kati ya 18,000! Jioni ya sherehe wakubwa walikaa mezani wakala. Akina mama hao hawakualikwa, na historia ikakaa miaka mingi bila kuwataja.

Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Juni 1948, mjini Manchester, Uingereza, Freddie Williams na Tom Kilburn waliendesha kwa mafanikio mtambo wao wa majaribio. Huo ulihifadhi namba kama nukta za umeme juu ya kioo kama cha televisheni, nafasi 1,024 tu. Kioo cha pili kilizionyesha nukta hizo ziking'aa. Mara nyingi zilicheza ovyo tu, bila maana. Siku ile zikatulia, na jibu likasomeka pale pale kwa macho. Yaani kumbukumbu na mwanga vilikuwa kitu kimoja.

Halafu mlango ukafungwa. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa RAMAC, mtambo wa kwanza kuuzwa ukiwa na diski: sahani 50, kila moja na upana wa sentimita 61 hivi, zikibeba herufi milioni 5. Sasa data ilikuwa usumaku, na usumaku hauonekani. Mwaka 1962 Nick Holonyak, akiwa General Electric, alitengeneza taa ya LED iliyotoa mwanga mwekundu. Taa hizo zilipopungua bei, zikapandikizwa kila mahali. Kompyuta ya IBM PC XT ya mwaka 1983 ilikuja na diski ya megabaiti 10 na kijitaa chake mbele. Kikiwaka, diski inasoma au inaandika. Basi, hamna zaidi. Kutoka kuitaja namba nzima, taa ikabaki kusema neno moja: nipo kazini.

Mwaka 1988 neno hilo moja likawa halitoshi. David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Berkeley waliandika kuhusu RAID, yaani kuunganisha diski za bei nafuu zifanye kazi kama kundi, moja ikifa nyingine zibebe ilichokuwa nacho. Ni kama familia ya kiswahili: mmoja akiugua, wengine wanaziba pengo. Lakini fundi akifika anakuta diski nne au nane zinazofanana kama mapacha. Ipi imekufa? Katika aina nyingi za makundi hayo, ukichomoa nzima ukaiacha mbovu, kundi zima linasimama, na pengine data ndiyo kwaheri.

Ndipo watengenezaji wakakubaliana lugha, kiwango kinachoitwa SFF-8489. Taa ya ubovu ikiwaka bila kupepesa, diski imeharibika. Ikipepesa polepole, mara 1 kwa sekunde, diski inajengwa upya, usiiguse. Ikipepesa haraka, mara 4 kwa sekunde, inaitika wito: ni mimi hapa unayenitafuta. Lugha nzuri, ila si kila kampuni inaifuata, na rangi hutofautiana. Kwa hiyo kitabu cha mtengenezaji kwanza, mkono baadaye.

Hapa mjini kuna ofisi moja ya kuchapa, jina naliacha, ambako rafiki yangu alihifadhi mashairi yake ya miaka mitatu. Taa ya rangi ya machungwa iliwaka kwenye seva yao karibu wiki mbili. Kila mtu aliiona. Mmoja alisema inapendeza. Diski ya pili ilipokufa, mashairi yakaenda nayo, na rafiki yangu akaambiwa pole. Bado nina hasira. Taa ilipiga kelele kwa lugha yake, na chumba kizima hakikuwa na msomaji.

Wapo wanaosoma kupita kiasi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walionyesha kwamba programu ya kijasusi iliyopenyezwa kwenye kompyuta inaweza kukifanya kijitaa cha diski kitoe siri kwa kupepesa, hadi biti 4,000 kwa sekunde, na kamera iliyo nje ya dirisha ikazinasa. Jicho letu lingeona diski inafanya kazi tu. Hapo taa imerudia kazi yake ya mwaka 1946, kuitaja data yenyewe, safari hii kwa kunong'ona.

Basi, mwandishi mwenzangu, taa ya kijani isikulaze usingizi. Inakuambia diski inaandika; haijui kama sura yako ya saba imeandikwa sawasawa. Weka nakala ya pili nyumba nyingine kabisa. Na ukiona rangi usiyoizoea, usiulize kama inapendeza. Uliza inasema nini, leo hii, kabla ya diski ya pili.