Majengo ya Kampala: Kwa nini mkanda wa usalama pekee haumzuii fundi kuanguka

Jengo likiporomoka Kampala, nchi nzima husikia. Mnamo Septemba 2004, hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, kando ya barabara ya Entebbe, iliporomoka na kuua watu 11. Oktoba 2008, udongo uliporomoka katika shimo la msingi wa jengo la Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, kwenye barabara ya Lumumba, na kuwafukia wafanyakazi waliokuwa chini. Matukio ya aina hiyo huzaa uchunguzi na mijadala, na sehemu ya mijadala hiyo ndiyo iliyozaa Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013.

Fundi mmoja anayeteleza kutoka ghorofa ya tatu haporomoshi kitu. Wenzake humbeba, mara nyingi kwa gari dogo la mizigo au hata kwa bodaboda, humfikisha hospitali, na kesho yake kazi huendelea. Vifo na majeraha ya namna hii huja kimoja kimoja, na kwa sababu hiyo si rahisi kuvihesabu. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wafanyakazi wa ujenzi jijini Kampala na kuchapishwa mwaka 2019 katika jarida la BMC Public Health ulibaini kuwa takriban mfanyakazi mmoja kati ya watatu alikuwa amepata jeraha kazini. Nchini Marekani, ambako takwimu za vifo vya kazini hukusanywa kila mwaka, zaidi ya theluthi moja ya vifo vyote katika sekta ya ujenzi hutokana na kuanguka.

Kile kisichochorwa kwenye ramani

Ili jengo la ghorofa lijengwe Kampala, mwenye jengo huwasilisha michoro kwa Mamlaka ya Jiji, KCCA, na kupewa kibali. Michoro hiyo huonyesha nguzo, boriti, slabu, ngazi na choo. Haionyeshi jukwaa ambalo waashi watasimama juu yake kwa miezi minane, wala ngazi ya muda ya mbao, wala kifuniko cha shimo la lifti. Vitu hivyo ni vya muda, na baada ya kazi huvunjwa na kuwa kuni. Fundi huanguka kutoka hapo hapo, kutoka kwenye vitu vya muda ambavyo havimo kwenye michoro wala kwenye makadirio ya gharama, na ambavyo mara nyingi hakuna mtu mmoja anayeweza kusema kuwa ni vyake.

Majukwaa mengi ya Kampala hutengenezwa kwa miti ya mkaratusi, ambao Waganda huuita kalitunsi. Mti huu hukua haraka, umenyooka na bei yake ni nafuu kuliko mabomba ya chuma. Si haki kuulaumu mti wenyewe, kwani barani Asia maghorofa marefu yamejengwa kwa majukwaa ya mianzi. Tatizo ni viungo. Msumari uliogongwa kwenye mti mbichi hulegea kadiri mti unavyokauka, na Kampala ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, ule wa Machi hadi Mei na ule unaoanza Septemba, hivyo mti hulowa na kukauka mara nyingi kabla jengo halijakamilika. Miguu ya jukwaa inayosimama kwenye udongo mwekundu bila ubao mpana chini yake huzama, mguu mmoja zaidi ya mwingine, na jukwaa zima huinama taratibu bila mtu kugundua.

Mbao za kukanyagia nazo zina kanuni zake. Katika utaratibu wa Uingereza, ubao wa unene wa milimita 38 huhitaji kushikiliwa na mhimili kila baada ya mita 1.5. Ncha ya ubao ikitokeza mno nje ya mhimili wa mwisho, ubao hugeuka pembea: fundi akikanyaga ncha, upande wa pili huinuka. Ikiwa ubao huo awali ulitumika kumwagia zege, ukang'olewa misumari na kuoshwa kwa mvua, nguvu yake haijulikani tena.

Kasi ya kuanguka

Watu wengi hudhani hatari huanza ghorofa ya nne au ya tano. Hesabu ya fizikia inasema vingine. Anayeanguka mita 3, yaani kimo cha ghorofa moja tu, hufika chini kwa muda usiofika sekunde moja, akiwa na kasi ya takriban kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 6 kasi hufikia kilomita 39 kwa saa, na kutoka mita 10 hufikia kilomita 50. Hakuna anayepata nafasi ya kushika kitu. Akiangukia kichwa au mgongo juu ya nondo zilizosimama au rundo la matofali, mita 3 zinatosha kuua au kumwacha amepooza.

Kwa hiyo wataalamu wa usalama kazini hufuata mpangilio usiopaswa kugeuzwa. Kwanza, kazi inayoweza kufanyika chini ifanyike chini: nondo za boriti zifungwe ardhini kisha zipandishwe. Pili, kazi isiyoepukika juu iwekewe kizuizi kinachomzuia mtu asifike ukingoni. Mkanda na wavu, ambavyo humdaka mtu aliyekwisha kuanguka, huja mwisho. Kanuni za Uingereza za mwaka 2005 kuhusu kazi za mahali pa juu zimejengwa juu ya mpangilio huu, na Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1988, una vifungu mahususi kuhusu majukwaa, ngazi na kazi za juu ya paa.

Katika maeneo mengi ya ujenzi mpangilio huo umepinduliwa. Mkaguzi akitarajiwa, mikanda hutolewa stoo.

Kizuizi cha pembeni ni kitu rahisi: reli ya juu inayofika kiunoni au zaidi (Uingereza hutaka isipungue sentimita 95), reli ya kati, na ubao mfupi wa chini unaozuia nyundo au tofali lisimdondokee aliye chini. Hata miti ya mkaratusi inaweza kufanya kazi hiyo ikifungwa vizuri. Ubora wake ni kwamba humlinda kila mtu, akiwemo kibarua aliyeajiriwa asubuhi ile na ambaye hajafundishwa chochote. Mkanda humlinda yule tu aliyeuvaa, akajua kuufunga, na akapata mahali pa kuufunga.

Mashimo kwenye slabu yanahitaji uangalifu wa peke yake. Kuna ajali inayojirudia katika nchi nyingi: shimo hufunikwa kwa kipande cha plaiwudi ambacho hakikupigiliwa misumari. Mfanyakazi anayekihitaji kipande hicho hukiinua mbele ya kifua, hupiga hatua moja, na hatua hiyo humpeleka ndani ya shimo ambalo plaiwudi yenyewe imemzuia kuliona. Kifuniko kilicho huru kinaweza kuwa cha hatari kuliko shimo lililo wazi. Kinapaswa kupigiliwa na kuandikwa kwa rangi, kwa lugha ambayo vibarua wa eneo hilo wanaisoma, kwamba chini yake ni shimo.

Mkanda na mahali pa kuufunga

Mkanda wa mwili mzima ni kifaa kizuri, lakini una masharti. Kamba yake ya kawaida ina urefu wa mita 2. Mtu akianguka, kifyonza-mshtuko hufumuka na kuongeza hadi mita 1.75. Ongeza umbali kutoka mgongoni hadi nyayo, kisha mita moja ya tahadhari, na jumla hupita mita 6. Maana yake ni kwamba fundi aliye ghorofa ya kwanza, mita 3 kutoka ardhini, aliyefunga kamba hiyo usawa wa miguu yake, atagonga ardhi kabla mkanda haujamdaka. Katika kimo hicho, kamba inapaswa kufungwa juu ya kichwa, au iwe fupi kiasi cha kumzuia asifike ukingoni kabisa.

Jambo la pili ni nanga. Viwango vya Marekani hutaka mahali pa kufungia paweze kuhimili zaidi ya tani 2 kwa kila mtu, kwa sababu mwili unaodakwa ghafla huvuta kwa nguvu nyingi kuliko uzito wake. Nguzo ya zege iliyokomaa inafaa. Mti wa jukwaa lile lile ambalo fundi amesimama juu yake haufai, kwani likianguka vyote vitakwenda pamoja.

Hata aliyedakwa salama hajaokoka bado. Mtu anayening'inia kwenye mkanda bila kusogeza miguu anaweza kupoteza fahamu baada ya dakika chache, kwa kuwa damu hutuama miguuni. Foleni za Kampala hazitoi uhakika kwamba zimamoto watafika kwa muda huo. Eneo la ujenzi linalotumia mikanda linahitaji watu wake wenyewe, na ngazi au kamba ya kumshushia mwenzao. Kwa aliyefika chini kwa kuanguka, hatari kubwa ni kumbeba vibaya: asikunjwe, asiketishwe nyuma ya pikipiki. Alazwe juu ya ubao ulionyooka, shingo ikishikiliwa isigeuke, hadi afikishwe hospitali.

Nani anawajibika?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Viwanda, inamtaka mwajiri kuhakikisha mahali pa kazi na njia za kupafikia ni salama, na kutoa vifaa vya kujikinga. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama. Mfanyakazi naye ana haki ya kuondoka penye hatari ya wazi. Usimamizi uko chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, wakati ubora wa jengo lenyewe ni kazi ya KCCA na Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo. Mkaguzi anayepima zege, basi, si yule anayetazama jukwaa.

Haki ya kuondoka penye hatari ina thamani ndogo kwa kibarua anayelipwa kwa siku, anayejua kwamba nje ya lango wamesimama wengine wanaosubiri nafasi yake. Hatua isiyo na gharama kubwa, na ambayo baadhi ya wakandarasi huifuata, ni kumteua kwa jina mtu mmoja wa jukwaa: yeye ndiye huliangalia kabla halijapandwa, kila baada ya siku 7 na kila baada ya mvua kubwa, huandika alichokiona, na ana mamlaka ya kulifunga bila kumuuliza msimamizi wa ratiba. Mamlaka hayo ya mwisho ndiyo magumu kuyapata.

Ajali ikitokea, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri alipe kiasi kinacholingana na mapato ya miezi 60 kwa aliyepoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, au kwa wategemezi wa aliyefariki. Hapa daftari la mahudhurio na malipo lina uzito kuliko hati nyingine yoyote, kwa kuwa bila hilo hakuna mapato ya kuzidisha mara 60. Tanzania imechukua njia tofauti: chini ya sheria ya mwaka 2008, waajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mfuko huo ndio unaolipa. Uganda bado humtegemea mwajiri mmoja mmoja na bima yake. Familia ya kibarua aliyeanguka Kisenyi au Ntinda hulazimika kwanza kuthibitisha mwajiri wake alikuwa nani: mwenye jengo, mkandarasi, au msimamizi aliyemchukua langoni asubuhi ile na kumwahidi malipo ya jioni.