Neno la leo: “Aje”

Sokoni Nyabiyonza nilimsikia mama muuza maharage akimlalamikia shoga yake, “Nilimwambia aje juzi, hakuja,” nami, niliyewahi kutaabika na sarufi ya Kifaransa, lugha iliyotumika kufundishia skuli za ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda, hadi Kiingereza kilipotangulizwa mwaka 2008, nikatabasamu. Mfaransa, kwa mujibu wa kanuni za kale, jambo likishapita hana budi kuigeuza “vienne”, yaani “aje” ya kwao, iwe “vînt”, herufi i ikivishwa kikofia. Na katika nafsi ya kwanza ni “vinsse”, mfano wa chafya! Siku hizi wenyewe wameiachia vitabu. Kiswahili, ijapokuwa kina -nge- na -ngali- za kutenganisha nyakati, katika “aje” hakiulizi wakati: juzi, leo, kesho, irabu ya mwisho ni ile ile.