Uzuiaji Halali na Shambulizi Batili Katika Mpira wa Wavu

Filimbi inayopulizwa baada ya mpira kuguswa juu ya wavu huzua malalamiko mengi viwanjani, kwa kuwa kuzuia na kushambulia hufanana machoni pa mtazamaji. Kanuni za kimataifa za mpira wa wavu huanza kuyatenganisha matendo hayo kwa swali moja: mpira umetoka upande gani?

Kuzuia ni kuukatiza mpira unaotoka kwa wapinzani. Mzuiaji huwa karibu na wavu na, anapougusa mpira, sehemu ya mwili wake huwa juu ya ukingo wa wavu, ulio mita 2.43 kwa wanaume na mita 2.24 kwa wanawake. Wanaoruhusiwa ni wachezaji 3 wa safu ya mbele pekee, na mguso huo hauhesabiwi katika miguso 3 ya timu. Mikono inaweza kuvuka wavu, lakini isiuguse mpira huko kabla mpinzani hajashambulia. Ni kosa kuzuia mpira wa kuanzisha. Libero haruhusiwi hata kujaribu kuzuia.

Kushambulia ni kuuelekeza mpira kwa wapinzani kwa njia isiyo ya kuanzisha wala kuzuia. Mshambuliaji sharti aupige mpira ukiwa upande wake, ingawa mkono waweza kuvuka wavu baada ya pigo. Mchezaji wa safu ya nyuma anaweza kushambulia kwa kuruka kutoka nyuma ya mstari wa mita 3 bila kuukanyaga. Akiwa ndani ya mstari huo, hapaswi kukamilisha shambulizi ikiwa mpira wote uko juu ya wavu.

Utata mkubwa humhusu seta aliye safu ya nyuma. Akiugusa mpira wa mwenzake ukiwa wote juu ya wavu, kisha ukavuka au ukaguswa na mpinzani, hilo ni shambulizi batili. Mpinzani akiupiga mpira ukagonga mikono yake iliyoinuliwa juu ya wavu, huo ni uzuiaji batili. Kwa kila kosa, wapinzani hupata pointi na haki ya kuanzisha mpira.

Ishara ya mwamuzi huondoa shaka. Kwa shambulizi batili la mchezaji wa nyuma, hushusha mkono kuanzia kwenye kiwiko, kiganja kikiwa wazi. Kwa uzuiaji batili, huinua mikono yote miwili wima, viganja vikielekea mbele.