Upana wa Gurudumu na Historia ya Barabara: Gari Dogo katika Ukanda wa Kilosa na Mikumi

1.0 Utangulizi

Historia ya usafirishaji nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kuangalia reli, bandari na barabara kuu. Gurudumu, ambalo ndilo sehemu pekee ya gari inayogusa ardhi, hutajwa kwa nadra. Insha hii inachunguza desturi ya kuondoa rimu na matairi ya awali ya gari dogo na kufunga mengine yaliyo mapana zaidi, kwa kurejelea ukanda wa Kilosa na Mikumi mkoani Morogoro. Desturi hiyo huelezwa kwa kawaida kuwa ni urembo wa vijana. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba upana wa gurudumu ni zao la lami. Aidha, ugumu unaomkabili mwenye gari dogo katika ukanda huu unatokana na kulazimika kupita barabara ya lami na ya udongo kwa seti moja ya magurudumu.

2.0 Reli, Tope na Lami

Kilosa ilitangulia kuunganishwa kwa reli. Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na hatimaye kufika Kigoma mwaka 1914. Tawi lililotoka Kilosa lilifika Mikumi mwaka 1960, likaendelezwa hadi Kidatu mwaka 1965. Kwa miongo mingi, basi, safari ndefu za mazao na abiria zilitegemea reli, huku barabara za wilaya zikibaki za udongo.

Katika uwanda wa Mkata, udongo mweusi wa mfinyanzi hunata na kuteleza wakati wa masika. Pale ambapo chini ya tope hilo pana tabaka gumu, tairi jembamba lenye meno marefu hufaa zaidi kwa sababu hukata tope na kulifikia tabaka hilo. Tairi pana huelea juu, hujaa udongo na kupoteza mshiko. Kwa mantiki hii, wembamba wa matairi ya zamani haukuwa dalili ya uduni wa ufundi, bali ulilingana na ardhi.

Mikumi ilipita njia tofauti. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mnamo Novemba 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia shaba na mafuta yake. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilibeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, hata madereva wakaiita njia ya kuzimu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imetiwa lami. Barabara hiyo inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Kwenye lami kavu mahitaji ya tairi hubadilika: tairi pana lenye ubavu mfupi halipindi sana kwenye kona, na usukani huitikia upesi.

Kilosa iliendelea kusubiri. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipovunja kingo zake na kuharibu reli, yalidhihirisha hatari ya kutegemea njia moja. Barabara ya Dumila, Rudewa, Kilosa na Mikumi imekuwa ikitiwa lami kwa vipande katika karne hii, kuanzia upande wa Dumila. Hivyo, safari moja ndani ya wilaya imeweza kuanza kwenye lami na kuishia kwenye tope.

3.0 Kuingia kwa Gari Dogo

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wananchi wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Ulegezaji huo, pamoja na mageuzi yaliyofuata, ulifungua mlango kwa magari yaliyotumika kutoka Japani. Toyota Starlet na Corolla zilienea, zikafuatwa na Vitz, iliyozinduliwa Japani mwaka 1999, na IST, iliyozinduliwa mwaka 2002. Vitz na IST zilibuniwa kwanza kwa ajili ya mitaa ya lami, na baadhi ziliwasili zikiwa tayari zimebadilishwa rimu na wamiliki wa awali. Wakati huohuo, kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000. Matairi kutoka nje, yakiwemo ya mtumba, yakazidi kuamua ni vipimo vipi vinavyopatikana sokoni.

4.0 Hesabu ya Upana

Mabadiliko haya yana malengo mawili yanayokinzana, ingawa yote huitwa kuweka rimu kubwa. Tuchukue gari lenye tairi la 175/65R14. Tairi hilo lina upana wa milimita 175, ubavu wa asilimia 65 ya upana huo na rimu ya inchi 14. Kipenyo chake ni takribani milimita 583. Likifungwa la 185/65R15, kipenyo huwa milimita 621.5, na gari huinuka kwa takribani milimita 19. Huu ni upana wa mtu wa barabara ya udongo, anayetaka tumbo la gari lisiguse ardhi. Likifungwa la 195/50R15, kipenyo hupungua hadi milimita 576, na ubavu hushuka kutoka takribani milimita 114 hadi 97.5. Huu ni upana wa mtu wa lami. Rimu zote mbili ni za inchi 15, lakini ya pili ina mpira mfupi wa kuikinga inapoingia shimoni.

Kila chaguo lina gharama yake. Katika chaguo la kwanza, kipimamwendo kilichokuwa sahihi kitaonyesha kilomita 50 kwa saa ilhali gari linakwenda takribani 53.3. Mikumi mjini, ambako ukomo wa mwendo katika makazi ni kilomita 50, dereva huvunja sheria bila kujua. Ndani ya hifadhi, ambako wanyama huvuka barabara na anayemgonga mnyama hutozwa faini, tofauti hiyo huongeza umbali wa kusimama.

Ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaofungwa kwenye habu, nayo ina uzito. Rimu ya inchi 5.5 yenye ofseti ya milimita 45 ikibadilishwa kwa ya inchi 7 yenye ofseti ya milimita 35, ukingo wa nje husogea kwa milimita 29. Beringi hubeba mzigo kwa pembe isiyokusudiwa, na gari likijaa abiria na magunia, tairi husugua fenda.

5.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba kuliona gurudumu pana kuwa urembo pekee ni kuficha historia iliyomo ndani yake. Kwa mtafiti, vipimo vilivyoandikwa ubavuni mwa matairi ni ushahidi wa barabara ambayo mwenye gari anaitarajia. Kwa mkaguzi wa magari, swali la msingi si iwapo rimu ni ya awali, bali ni kiasi gani kipenyo na ofseti vimebadilika. Iwapo hoja ya insha hii ni sahihi, kadiri lami inavyosogea kati ya Kilosa na Mikumi, matairi ya kuinua gari yatapungua na yale mapana ya ubavu mfupi yataongezeka. Dai hilo linaweza kuthibitishwa au kukanushwa kwa kuhesabu matairi gereji kwa gereji.