Ganda la yai la reptilia

Ganda la yai la reptilia ni tabaka la nje linalofunika yai la mamba, kobe, kasa, mjusi, nyoka na jamaa zao. Hutengenezwa ndani ya mrija wa mayai wa jike kabla ya kutaga. Ganda hukinga kiinitete, huzuia yai lisikauke, na wakati huohuo huruhusu hewa kuingia na kutoka. Kazi hizi zinapingana: ganda nene hutunza maji lakini hubana pumzi, ganda jembamba hupitisha hewa kwa urahisi lakini hupoteza maji upesi. Kila kundi la reptilia limepatanisha mahitaji hayo kwa njia yake.

Muundo

Ganda lina sehemu mbili. Ya ndani ni utando wa nyuzi za protini zilizopishana kama ukili wa mkeka. Ya nje ni fuwele za kabonati ya kalisi, chumvi ileile iliyomo katika mawe ya chokaa. Fuwele huanza kuota kwenye nukta ndogondogo juu ya utando, kisha hupanuka mpaka zikutane. Pale zisipokutana hubaki vitundu vya hewa. Oksijeni huingia kupitia vitundu hivyo, na dioksidi ya kaboni pamoja na mvuke wa maji hutoka.

Fuwele hizo si za aina moja. Katika mayai ya kobe na kasa ni aragonaiti, madini yanayojenga pia matumbawe. Katika mayai ya mamba, ndege na mijusi-kafiri ni kalisaiti, madini ya marumaru. Kwa hiyo kipande kidogo cha ganda kikipimwa maabara kinaweza kuonyesha kilitoka kwa kobe au kwa mamba. Katika visukuku kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu aragonaiti ya kale mara nyingi hugeuka kuwa kalisaiti.

Ganda gumu na ganda laini

Husemwa mara nyingi kwamba mayai ya reptilia ni laini kama ngozi. Hii ni kweli kwa nusu tu. Mamba na kobe wengi wa nchi kavu hutaga mayai magumu, yanayovunjika kama ya kuku. Mayai ya kasa yana ganda linalobonyea, na ndiyo maana yanaweza kudondoka ndani ya shimo mchangani, moja juu ya jingine, bila kupasuka. Nyoka na mijusi wengi wana utando mnene wenye madini kidogo sana juu yake. Mjusi-kafiri wa nyumbani ni tofauti na mijusi hao: mayai yake meupe, ambayo kwa kawaida ni mawili, hutoka yakiwa laini na kuwa magumu muda mfupi baada ya kupata hewa. Ndiyo sababu yanaweza kukaa katika ufa mkavu wa ukuta bila kunyauka.

Yai laini hufyonza maji kutoka kwenye udongo, huvimba na kuongezeka uzito. Kwa hiyo mahali pa kutagia ni jambo la uhai na kifo. Kenge huchimba kichuguu na kutaga humo. Mchwa huziba tundu, na mayai hubaki katika joto na unyevu usiobadilika sana.

Kiinitete na ganda

Kuku hugeuza mayai yake mara kwa mara. Mamba, kobe na kasa hawafanyi hivyo, na yeyote anayeyagusa mayai yao asiyageuze. Muda mfupi baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza upande wa juu wa yai. Likipinduliwa baada ya hapo, kiinitete kinaweza kufa. Katika yai la mamba mahali hapo huonekana kama doa jeupe, ambalo huenea na kuwa mkanda unaozunguka ganda. Kwenye baadhi ya fuo za Kenya na Tanzania, viota vya kasa vilivyo hatarini kufikiwa na maji ya bahari huhamishwa, na kazi hiyo hufanywa katika saa chache za mwanzo, kila yai likibaki limeelekea juu kama lilivyokutwa.

Ganda pia ni ghala. Kiinitete cha mamba au kobe huchukua sehemu ya kalisi ya mifupa yake kutoka kwenye ganda. Nyoka hutegemea zaidi kiini cha yai.

Mageuko

Magumu huacha visukuku, laini huoza. Hilo limewapotosha wataalamu kwa muda mrefu. Mwaka 1923 msafara wa makumbusho ya New York ulioongozwa na Roy Chapman Andrews ulikuta mayai magumu katika Jangwa la Gobi, Mongolia. Yalidhaniwa kuwa ya Protoceratops, dinosauri aliyeonekana kwa wingi mahali hapo. Miaka 70 baadaye kiinitete kilichokutwa ndani ya yai la aina hiyo kilionyesha kwamba lilitagwa na jamaa ya Oviraptor, jina lenye maana ya mwizi wa mayai. Aliyeitwa mwizi alikuwa mzazi.

Mayai ya Protoceratops mwenyewe yalieleweka mwaka 2020, pale uchunguzi wa kemikali ulipoonyesha kuwa yalikuwa na ganda laini, sawa na ya Mussaurus wa Argentina. Watafiti walihitimisha kwamba dinosauri wa kwanza walitaga mayai laini, na ganda gumu lilijitokeza kwao angalau mara tatu, kila mara peke yake. Mwaka huohuo lilielezwa yai laini kutoka Antaktiki, lenye urefu wa karibu sentimita 29 na umri wa miaka milioni 68 hivi. Huenda lilitagwa na mosasauri, reptilia mkubwa wa baharini.

Baadhi ya reptilia wameacha ganda karibu kabisa. Kifutu huzaa watoto hai, na miongoni mwa nyoka na mijusi njia hiyo imejitokeza zaidi ya mara 100. Mamba, kobe na kasa wa leo wote hutaga. Maelezo mojawapo yaliyopendekezwa ni kwamba viinitete vyao vinahitaji mno kalisi ya ganda.